Sauti ya Kituo cha Usalama

Ile sauti ni yangu.
Inayokwambia, ukisubiri basi la Kivukoni,
"Ndugu abiria, ukiona mzigo usio na mwenyewe,
usiuguse. Toa taarifa kwa mlinzi aliye karibu,"
ni mimi, Tunu binti Kipande, mkazi wa Mburahati,
niliyelipwa elfu themanini na soda ya baridi
katika chumba cha ghorofa ya pili, Mtaa wa Swahili,
kuta zimevikwa magodoro, feni imezimwa isivume.

Neno "usiuguse" nililirudia mara kumi na moja.
"Dada, unabembeleza," alisema fundi mitambo.
"Kama unamzuia mtoto asile udongo.
Amrisha."
Nikaamrisha. Jasho likanitiririka mgongoni.
Kwenye karatasi palikuwa na sentensi moja zaidi:
"Kwanza waulize walio karibu nawe."
Akaipiga mstari kwa kalamu. Sekunde zimezidi, alisema.

Sasa napita getini kama wewe,
hakuna anayegeuka.
Niliwahi kumsikia mama mmoja akimwambia mwenziwe,
"Huyu wa spika hana mume, sikiliza anavyokaripia."
Nikacheka. Mume ninaye. Simkaripii.

Jumanne ya mvua, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
Magomeni, kituo kinachoitwa Usalama,
niliona kiroba cha sukari kimefungwa kwa upindo wa kitenge,
kimeegemea nguzo kama mtu aliyechoka.
Watu wanakipisha. Mmoja akakiruka.
Hakuna aliyekitazama, na wote walikuwa wamekiona.
Juu yetu nikajisikia nikisema: usiuguse.
Nikamtii yule mwanamke.
Miguu ilinifikisha kwa mlinzi kabla sijaituma.

Kasubi akapuliza filimbi.
Tukarudishwa nyuma hadi kwenye lami, mvua ikitupiga;
mwanafunzi akalia kwamba ana mtihani,
basi likaja, halikusimama.
Na mimi katikati yao, kimya,
namtafuta mwenye mzigo usoni mwa kila mtu,
na niseme kweli: nilitafuta kofia, nilitafuta ndevu,
nilitafuta kanzu, mimi, binti wa mvaa kanzu.
Karatasi haikuniambia nitafute hivyo.
Nani aliniambia?

Akatokea mzee wa sweta, kutoka dirisha la tiketi,
chenji mkono mmoja, bahasha ya eksirei mkono wa pili.
"Jamani, mzigo wangu!"
Mzee Nsajigwa, wa Tukuyu, mkewe amelazwa Ocean Road.
Kiroba kikafunguliwa mbele ya macho yote:
magimbi, birika, shuka mbili,
redio ndogo isiyo na betri.
Mtu akacheka. Kisha akaacha.

"Nani aliyekiona?" mzee akauliza.
Kasubi akaninyooshea kidole.
Nikajiandaa kutukanwa.
Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.
"Ahsante mwanangu. Ungenyamaza, kingeibiwa."
Akanipa gimbi moja.
Ningemwambia nini?
Kwamba sikukilinda, nilikiogopa?

Tulilichemsha jioni. Halikuiva vizuri,
likatuwasha koo hadi usingizini.

Sijutii kutoa taarifa. Ningerudia kesho.
Mji huu una Agosti yake; nilikuwa darasa la tatu
vioo vilipolia madirishani,
na mwalimu akatuhesabu, akatuhesabu tena.
Lakini ile sentensi iliyokatwa ilikuwa na sekunde ngapi?
Nimeipima kwa simu: tatu, ukiitamka polepole.

Siku hizi spika ikimaliza, mimi naendelea,
kwa sauti isiyo na magodoro,
namgeukia aliye karibu:
"Samahani, huu mzigo ni wa nani?"
Mara nyingi ni wake. Anauvuta mguuni, anaona haya.
Wiki iliyopita dada mmoja alinitazama sana.
"Sauti yako," akasema, "nimeisikia wapi?"
"Labda sokoni," nikamjibu,
na basi la Kivukoni likafungua milango.